Kwa Baiskeli Hadi Geti la Mama Mkwe

Mpaka leo nikisikia mtu anasema anaenda likizo ya baiskeli milimani, magoti yangu huanza kulalamika kabla sijafungua mdomo. Nimefundisha jiografia hapa Nakuru kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nimewachorea watoto wa watu Bonde la Ufa ubaoni mara nyingi mno: huku sakafu ya bonde, kule ukuta wake, kule juu nyanda za baridi. Ubaoni mlima hauna shida. Unavuta mstari wa kwenda juu, unapangusa chaki mikononi, unawaambia waandike.

Wazo lilikuwa la mke wangu. Yeye ni muuguzi, na wenzake kazini wana kikundi cha kuendesha baiskeli Jumapili mchana, kutoka Lanet tunakoishi hadi karibu na ziwa na kurudi. Alianza kwa ajili yake, halafu daktari akaniambia nina presha, basi akaniburuta na mimi. Jumapili chache zikanitosha kujiona mwanamichezo. Kwa hiyo likizo ya Agosti ilipofika, akasema ameazima baiskeli mbili za gia na kwamba tutapanda nazo hadi kwao, nikakubali haraka kama mtu aliyealikwa chai.

Kwao ni juu kabisa, upande wa Timboroa, ambako mwezi wa Agosti watu huvaa koti la mvua juu ya koti la baridi. Hakuwa amekanyaga huko tangu tumzike baba yake.

Lazima nieleze hilo, maana bila hilo safari yetu ingekuwa wazimu tu. Baba mkwe alipougua, mke wangu alienda akamchukua akamleta Nakuru. Mama mkwe hakutaka. Alisema mzee atatibiwa zahanati ya pale pale karibu, aende akirudi nyumbani kwake. Mke wangu akashikilia kuwa mjini kuna madaktari, na yeye mwenyewe atakuwa karibu na kitanda. Mzee alikaa wodini wiki kadhaa, akafia humo. Siku ya mazishi, hema likiwa bado halijashushwa, mama mkwe alimwambia mbele ya shangazi zake, "Nilikupa mzee wangu akitembea. Ukanirudishia sanduku."

Hawakugombana zaidi ya hapo. Mke wangu alikuwa akituma sukari, majani ya chai, mara blanketi, kwa dereva wa matatu za kule. Mama naye alimrudisha dereva yule yule na gunia la viazi na kabichi kubwa kuliko kichwa changu. Viazi vilikuja, neno halikuja. Mke wangu alikuwa akivimenya kimya, na mimi nilijifunza kutosimama karibu na jikoni siku hizo.

Nilimwambia kwa gari ni safari ya asubuhi moja. Akanijibu, "Gari itanifikisha kabla sijajua nitasema nini. Tena gari ni rahisi kugeuza."

Mimi nilikuwa na shida yangu ndogo. Kwetu Magharibi, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Humpi mkono. Huli mbele yake. Kulala chini ya paa lake ni jambo ambalo hata kulisema ni aibu. Mama mkwe si wa kabila langu, lakini tangu siku ya kwanza aliuelewa utaratibu huo na kuupenda. Akitaka kuniambia neno huliweka kwa binti yake, "mwambie bwana yako," hata kama nimesimama hapo hapo. Kwa hiyo nilipanga hivi: nimfikishe mke wangu getini, niinamishe kichwa kwa mbali, kisha niende nikalale lojing ya senta, pale penye maduka. Suruali ya heshima niliikunja chini kabisa ya begi, niivae tukikaribia. Maana njiani nilikuwa navaa kaptula ya kuendeshea baiskeli, ile ya kubana iliyoshonewa sponji matakoni, ambayo mtu mzima hafai kuonekana nayo hata na kuku wake.

Tuliondoka Lanet asubuhi, tukakatiza mji katikati ya boda boda. Kijana mmoja akanikaribia, akapunguza mwendo tuwe sambamba. "Boss, kwani gari imekataa?" Nikamwambia niko likizo. Akaniangalia kwa huruma, akaenda zake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa njia nzima. Huku kwetu baiskeli ni ya kubebea: maziwa, makaa, kreti za soda. Mtu na mvi zake akionekana juu ya baiskeli na mifuko nyuma, basi anauza kitu. Tulipofika Rongai, mama mmoja alitusimamisha kwa mkono, akauliza mayai ni ngapi. Mke wangu alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. Nilifurahi kumwona anacheka. Sikujua ndiyo mara ya mwisho kwa muda.

Tulilala Rongai baada ya chapati na maharagwe. Nilikuwa siwezi kuketi. Nilikula nimesimama kando ya meza, mwenye hoteli akidhani nina haraka.

Siku iliyofuata tulielekea Ravine. Jua lilikuwa kali, vumbi la malori likatupaka rangi moja, na njia ikaanza kuinuka taratibu, kwa ujanja, kiasi kwamba jicho linakuambia ni tambarare na paja linakuambia ni uongo. Ukimwuliza mtu kumebaki umbali gani, anaelekeza kwa kidevu: ni hapo tu. Tulipita hapo tu nyingi. Mke wangu alikuwa mbele. Yeye ni mwepesi, tena ana hasira fulani akipanda mlima, kama mtu anayefua nguo za mwenzake. Kila baada ya muda alisimama, akageuka na kuniuliza kama niko sawa.

"Niko sawa," nilikuwa nasema.

Sikuwa sawa. Mgongo ulikuwa unawaka, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi, na cheni yangu ilikuwa inaruka kila nikibadilisha gia. Lakini niliona ana mzigo wa kutosha. Akilala usiku, midomo yake ilikuwa ikitembea, akipanga maneno ya kumwambia mama yake. Mtu wa aina hiyo humwongezi habari za vidole.

Tulilala Ravine, na kesho yake njia ikaingia msituni na kupanda, na hapo ndipo nilipojua kwamba ile mistari ya ubaoni haikuwa imenifundisha kitu. Ukimaliza kona moja, kona nyingine inakungoja ikiwa imesimama wima zaidi. Hewa ilikuwa baridi na nyepesi. Unaivuta lakini haitoshi, kama chai ya kikombe cha mtoto. Tulishuka tukasukuma. Ng'ombe wa mtu fulani walitupita wakienda malishoni, bila haraka, mmoja akanusa mfuko wangu na kuuacha. Watoto wa shule walio likizo wakakimbia kando yetu kupanda mlima, wakipiga hadithi, hawahemi.

Mchana mvua ilishuka, kisha mvua ya mawe. Tulijibanza chini ya mti na mawe yakatutafuta huko huko. Mke wangu alinipa maji ya glukosi na ndizi. Nilikunywa nikijua hayatakaa. Aliposonga mbele, nilijificha nyuma ya kichaka nikayarudisha yote, nikajifuta mdomo kwa jani na kumfuata. Aliniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa nafunga kamba ya kiatu.

"Uko sawa lakini?"

"Niko sawa, mama watoto. Twende."

Kujitia ushujaa ni kazi, tena inachosha kuliko mlima. Tulipotokea barabara kuu, malori yakipanda kwa gia ndogo na kuguna mpaka barabara inatetemeka, mikono yangu ilikuwa inatetemeka vile vile na nikawa siwezi kuikunja vizuri kwenye breki. Nilianza kuona vitu vya pembeni vikiwa mbali kuliko vilivyo. Nilikuwa nasikia usingizi, usingizi mtamu wa ibadani, na nilikuwa nauogopa. Sikusema. Nilijiambia kumebaki kidogo, nitasema tukifika.

Tuliacha lami tukaingia njia ya udongo. Sikukumbuka suruali ya heshima. Udongo mweusi ukashika magurudumu, mke wangu mbele akizidi kwenda polepole, na sasa nilijua si kwa sababu ya matope. Nililiona geti: mbao za mabanzi, mnyororo, ua wa miti ya saipresi nilioukumbuka kutoka siku ya mazishi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mke wangu alifika getini, akaweka mguu chini, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akakanyaga pedali akaendelea.

"Twende mbele," alisema bila kugeuka. "Tulale senta. Tutakuja kesho nikiwa nimeoga."

Nilimwelewa. Ningekuwa na nguvu ningemsihi, ningesema jambo la maana, kwamba hatukupasuka mapafu siku zote hizo ili tukaoge senta. Lakini miguu yangu ilikuwa imesikia neno "mbele" ikakataa. Haikuwa uamuzi. Niliona usukani ukigeuka wenyewe, nikaona nyasi zikija, halafu nilikuwa nimelala ubavu kando ya geti la mama mkwe, baiskeli juu yangu, gurudumu moja likizunguka.

Mke wangu alirudi mbio. Akanitoa baiskeli juu, akanishika mkono kupima mapigo, akanifunua macho kwa kidole, akanisikiliza kifua. Mikono yake ilikuwa ya kazini, haina maswali. Akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi, na mimi, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kudanganya, nikamwambia kila kitu: kile kichaka, vidole, usingizi, tangu wapi.

Hapo ndipo hasira ikamtoka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna hiyo, hata tulipokuwa vijana na kodi haijalipwa. "Kila nikikuuliza, niko sawa! Niko sawa! Mimi ndiye niko na wewe, na mimi ndiye wa mwisho kujua. Ungenifia hapa nikisema uko sawa!"

Alikuwa analia. Mvua ilikuwa imeacha, kwa hiyo nilijua ni machozi.

Mnyororo wa geti ulilia. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani, na ndoo ya maziwa mkononi, gambuti miguuni, amepungua mwili kuliko nilivyomkumbuka. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Nilijaribu kuvuta koti lifunike ile kaptula, likakataa kufika. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuniona nikila, sasa alikuwa ananiona nimelala kwenye matope na sponji juu. Lakini hakuwa ananitazama mimi.

"Inauma, sivyo?" alimwambia binti yake. "Kuambiwa ako sawa."

Mkono wa mke wangu ulibaki kifuani kwangu.

"Kila jioni ulinipigia simu," mama akasema, taratibu, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Anaendelea vizuri, Mama. Amekula uji, Mama. Mimi nikakamua ng'ombe zangu. Nikapanda viazi. Siku ile anakufa mimi nilikuwa napalilia."

Kwa miaka yote ile tulidhani kosa lilikuwa kumpeleka mzee hospitali. Tulikuwa tumejitetea kwa hilo, mimi na mke wangu, mezani, kitandani, mpaka tukajua hoja zote kwa kichwa. Hakuna hata siku moja tuliyozikumbuka zile simu. Na nani angezikumbuka? Huku kwetu mgonjwa yeyote huendelea vizuri. Ukiwa mbali unaambiwa hivyo ili usiingiwe na wasiwasi, na siku ukiambiwa "njoo nyumbani kidogo," unajua mtu amekufa. Mke wangu alikuwa amewapa wenye wagonjwa maneno hayo kazini maisha yake yote. Alimpa mama yake maneno yale yale, kwa upendo, kila jioni, akitoka zamu.

Alibaki amepiga magoti kwenye matope, uso chini. Nilitaka kumshika lakini mkono haukuinuka.

Mama mkwe aliweka ndoo chini. "Mwambie bwana yako," alisema, "kama anaweza kutembea, stoo ya viazi imepakana na jiko. Ina joto. Si nyumba ya kulala watu, kwa hiyo hatakuwa amelala kwangu."

Nilicheka, ikawa kikohozi. Wakaniinua, mmoja kila upande. Heshima yote niliyoilinda kwa miaka iliishia hapo, mkono wa mama mkwe ukiwa kwapani mwangu, na yeye akitazama pembeni kabisa, upande wa saipresi, kana kwamba amebeba gunia.

Walinilaza juu ya magunia, wakanifunika mablanketi. Moja nililitambua, ndilo tulilomtuma dereva nalo, lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Mke wangu aliniletea maziwa ya moto yenye sukari nyingi, akaninywesha kwa kijiko, kisha maziwa mengine. Alikagua vidole vyangu kimoja kimoja, akanisugua miguu mpaka ikaanza kuuma, na maumivu hayo yalikuwa raha. Halafu akaingia jikoni kwa mama yake, akavuta mlango.

Kati ya stoo na jiko kuna ukuta wa mabanzi tu. Nje bado kulikuwa na mwanga. Nilisikia kuni zikivunjwa, sufuria ikiwekwa, maji yakimiminwa. Nilisikia wakifanya kazi pamoja bila kuongea, kwa muda mrefu hata nikaogopa kwamba ndiyo itakuwa hivyo: watapika, watakula, kesho tutaondoka na viazi. Mwili wangu wote ulikuwa umechoka na nilichotaka ni kulala, lakini sikuweza kulala kabla mtu hajasema kitu kule ndani.

Mama ndiye aliyesema. Walikuwa sasa wakiongea lugha yao, ambayo miaka ya ndoa imenifundisha vya kutosha.

"Niambie sasa," alisema. "Kuanzia mlipofika huko. Usiniruke kitu."

Mke wangu akaanza. Sauti ilikuwa haitoki vizuri mwanzoni. Alisema jinsi mzee alivyokataa kuvaa nguo za wodi. Alisema kuhusu mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye mzee alikuwa akibishana naye habari za ng'ombe. Alisema siku ambayo mzee aliacha kula, na kwamba ule uji aliousema kwenye simu haukuliwa. Akasimama hapo. Nilimsikia akijaribu kuomba msamaha, na mama akamkata: "Sijafika huko. Endelea."

Akaendelea. Alisema usiku ambao mzee hakumtambua, na asubuhi ambayo alimtambua akamwuliza kama mvua imenyesha nyumbani. Mama aliuliza vitu vidogo. Miguu yake ilikuwa imevimba? Alikuwa akihisi baridi? Nani alikuwa hapo? Mke wangu alijibu kila kimoja. Wakati mwingine jibu lilikuwa baya, na alilisema hivyo hivyo lilivyo. Kwa upande wangu wa ukuta, machozi yalikuwa yananitiririka hadi masikioni na sikuwa na nguvu ya kuyafuta.

Mara nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.

"Alipoletwa hapa alikuwa amenyolewa ndevu," mama akasema. "Nani alimnyoa?"

"Mimi, Mama. Asubuhi ya mwisho."

"Ulimkata?"

"Kidogo. Hapa, chini ya kidevu."

"Hapo," mama akasema, na sauti yake ikavunjika kwa mara ya kwanza. "Hata mimi nilikuwa namkata hapo hapo."